Hakuna Aliyeniambia Niondoke

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuomba ukae kitako, uvae miwani, usome mwenyewe. Usimpe Hamisi akusomee. Kaka yangu namjua, akifika ukurasa wa pili mtaa mzima utakuwa umeshajua habari zangu. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaipaka kweli, au umeshaigawa kwa wenye miguu mizima? Nasikia nyinyi wa meza za viungo mmesogezwa tena kutoka pale mlipokuwa. Je, mmepata pa kukaa? Na mwanangu Salma bado anaota na kuamka akilia, au ameacha? Mimi huku Japani mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Theluji imeanguka tangu juzi na basi la kwenda kazini linachelewa, lakini hilo nimeshalizoea, baridi sasa ni kama jirani mkorofi, tunapishana tu.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ipo. Nikikurekodia sauti utanisikia. Utajua kuna kitu, utaanza kunipigia kila baada ya swala, na mimi nitashindwa kukuficha. Karatasi ina adabu, haitetemeki. Anayekuletea ni Dada Upendo, Mchaga anayesoma chuo mji wa jirani na hapa, anakuja likizo. Mjomba wake ana duka la mabegi Kariakoo, kwa hiyo hatapotea njia. Mpe chai na mkate wa kumimina, amenisaidia mengi.

Sasa jambo lenyewe. Mama, nina hofu. Mkataba wangu hapa kwenye nyumba ya wazee unaisha mwezi wa tatu. Wanaoongezewa huitwa ofisini kabla ya mwaka kuisha, wanakalishwa, wanaambiwa. Siti ameitwa, yule rafiki yangu wa Indonesia ninayeswali naye kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wale wasichana wawili wa Vietnam nao wameitwa. Mwaka umeisha, mwingine umeanza, mimi sijaitwa. Na unajua mkataba huu umebeba nini. Sheria ya huku inataka mtu awe amefanya kazi ya kutunza wazee miaka mitatu ndipo afanye mtihani wa serikali, na akifaulu ndipo anaruhusiwa kumleta mtoto wake. Mimi nina miaka miwili. Wakinikata sasa kibali kinakatika, narudi Bongo, na Salma aliyekaa bila mama tangu ana miaka mitano atakuwa amekaa bure.

Utasema, si umuulize mkubwa wako? Ningekuwa Kariakoo ningeshamuuliza, na jibu ningeshapewa, hata kama ni la kuniliza. Huku ukimuuliza mtu swali la namna hiyo usoni ni kama umemvua nguo. Niliwahi kujaribu kwa mbali. Nilimwambia mkurugenzi kwamba mwaka kesho nataka kusomea mtihani. Akasema, "Ni jambo zuri sana," akanyonya hewa kati ya meno, akatazama dirishani. Jambo zuri sana maana yake nini, Mama? Nimelala nalo, nimeamka nalo, sijalijua.

Naomba hili likae kichwani kabla sijaendelea: watu hawa si wabaya. Sijatukanwa huku hata siku moja, na hapo ndipo shida ilipo. Mama Kimaro wa duka la vitenge akikuona umeegemea majora yake anakuambia toka hapo, na punde anakuuliza kama umekula. Mambo yameisha. Huku neno halikujii moja kwa moja. Linazunguka, linapita kwa huyu na yule, mpaka likufikie huwezi kujua lilianzia wapi. Nilipohamia kwenye jengo hili nilikuwa naongea na wewe simuni pale kibarazani, na unajua sauti za ukoo wetu. Siku moja nikakuta tangazo ndani ya lifti, limechorwa simu na mtu anayetabasamu, linawaomba wakazi wote wawe waangalifu na sauti vibarazani. Nikasema moyoni, jamani, kumbe humu kuna mtu anapiga kelele. Nikawa nalipita kila asubuhi. Siti alipokuja kunitembelea akalisoma, akanitazama, akaniambia wakazi wote ni wewe.

Wana msemo wao, kwamba mtu mzima husoma hewa. Yaani ukiingia mahali usingoje kuambiwa, uvute tu pumzi ujue nani amechoka, nani amekasirika, nani anataka uondoke. Wao kwa wao wanasomana hivyo tangu utotoni. Mgeni hawamtegemei asome, wanamwonea huruma, kwa hiyo wanamfanyia upole, na upole wenyewe ndio unaokuficha kila kitu. Nilipofika nilikuwa najua kusema asubuhi njema na asante, na kila mtu akawa ananisifia Kijapani changu. Nikavimba kichwa. Mwaka ulipopita sifa zikakauka, nikahuzunika, lakini Siti aliyenitangulia huku akasema hiyo ndiyo dalili njema, mtu wa nyumbani hasifiwi kwa kujua lugha ya nyumbani. Sasa Mama, tangu msiba wa Bibi Fumi sifa zimerudi. Kila ninayekutana naye ananiambia Kijapani changu ni kizuri mno, na mimi usingizi umenipaa.

Bibi Fumi unamkumbuka. Ndiye yule niliyekuwa namchana nywele, aliyekuwa anapenda nimmenyee chenza kisha ananirudishia nusu kwa lazima. Alikuwa mmoja wa wazee wetu pale, na vilevile ndiye mama mzazi wa mkurugenzi, Bwana Kitamura. Binti wa bibi huyo, Dada Kazuko, ndiye anayeshika ofisi. Zamu, mishahara, mikataba, vyote vinaandikwa na mkono wake. Kwa hiyo wafiwa ndio hao hao wenye mkataba wangu.

Alipofariki, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, nilikupigia nikilia. Ukaniambia msibani hakualikwi mtu, nivae kanga yangu niende, na nikikuta jiko halijawashwa niliwashe. Sikulaumu, Mama. Tena ukianza kujilaumu nitaichukua barua hii kwa Upendo. Ulisema alivyosema mwanamke ambaye mwiko mkubwa wa misiba ya mtaa umekuwa mkononi mwake tangu sijazaliwa, na mimi nilikwenda kama mtoto uliyemlea.

Nilifika na mfuko wa mchele, sufuria langu kubwa na kanga begani. Nilitegemea nikute viatu vimejaa mlangoni, mikeka, wanawake uani, mtu anakuna nazi. Nikakuta viatu vichache vimepangwa mstari, vimegeuzwa vidole nje, na ndani kimya. Bibi Fumi alikuwa amelazwa chumba cha ndani, kitambaa cheupe usoni. Watoto wake wamekaa kando, wamevaa nyeusi, macho makavu. Majirani wawili waliingia nikiwa pale. Wakainama, wakatoa bahasha, wakanywa chai kidogo, wakainama, wakaondoka. Mimi nilipofika karibu na bibi yangu nikalia. Nililia kilio chetu kile, cha kumwita mtu kwa jina na kumuuliza kwa nini ameondoka bila kuaga. Hakuna aliyenigusa wala kuninyamazisha. Walitazama mikeka yao.

Nilipomaliza nikainuka, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni kwao.

Ndiyo, Mama. Kwenye jiko la watu, bila kuuliza. Dada Kazuko akaja akasimama mlangoni anatabasamu, akasema asante sana, umechoka, tafadhali kapumzike. Nikamwambia hapana dada, wewe ndiye wa kupumzika leo. Baada ya muda akarudi, anatabasamu vilevile, akasema kwa kweli unajisumbua. Sasa hebu niambie wewe, ni mfiwa gani kwetu asiyesema usijisumbue? Unavyoambiwa hivyo ndivyo unavyozidi kukaza kanga. Kila alivyonizuia kwa upole mimi niliosha vikombe zaidi. Nikapika wali. Nikadeki. Nikaletewa chai na kipande cha keki, nikala, nikashukuru, nikarudi kazini. Nikaletewa chai ya pili. Giza lilipoingia Bwana Kitamura mwenyewe akaja na ufunguo wa gari mkononi, akasema njia ina utelezi, atanirudisha kwangu. Nikaona wema ulioje. Nikapanda mbele kama bibi harusi. Njiani alinishukuru mara mbili, hakusema kingine. Akanishusha, akainama, akageuza gari. Nililala nikijiona nimewakilisha ukoo.

Kesho yake tulikuwa tunakunja mashuka na Siti, nikamsimulia yote, kwa majivuno kabisa. Akaacha kukunja.

"Alimwacha mama yake amelala pale ili akuendeshe wewe?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, ni mtu mwema.

"Rehema," akasema, "hivyo ndivyo alivyokuambia uondoke. Na alikuambia baada ya wengine kukuambia siku nzima."

Nilikaa chini juu ya mashuka safi. Nikaanza kuyarudia yote kichwani, chai ya kwanza, chai ya pili, tabasamu la Dada Kazuko mlangoni, na kila nililolikumbuka liligeuka likanizomea. Mtu amefiwa na mama yake, usiku wa mwisho wa kukaa naye, anautumia kuendesha gari kwenye utelezi kwa sababu mimi sikujua kusoma hewa. Hata sasa nikiliandika hili masikio yananiwaka moto.

Ikaja na habari ya ubani. Wao nao rambirambi wanaiita pesa ya ubani, Mama, kama wanavyosema wazee wetu wa pwani. Nilipolijua hilo nilifurahi, nikasema angalau hapa tumekutana. Nikatoa bahasha yangu. Siku chache baadaye nikaletewa boksi la majani ya chai, limefungwa karatasi ya fedha, na kadi ya shukrani. Kwetu mtu akikurudishia rambirambi amekufukuza kwenye ukoo. Nikakimbilia kwa Siti, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema ni desturi yao, kila aliyetoa anarudishiwa kitu, hata yeye amepata. Nikamwomba nilione boksi lake. Lilikuwa sawasawa na langu. Hata hivyo la kwangu nimeliweka juu ya kabati na kulifungua sijaweza.

Tangu siku ile pale kazini kumekuwa na heshima ya kutisha. Zamani Bwana Kitamura alikuwa ananitania, eti nakula ndizi kama ninayekimbizwa. Sasa akikutana nami anasimama wima, anainama mpaka kiunoni, ananishukuru kwa kazi yangu kama mtu anayemshukuru daktari. Dada Kazuko aliyekuwa ananiita kwa mkono tu kutoka dirishani kwake, siku hizi anatoka, ananifuata, anaongea nami ile lugha ndefu ya kuongea na wateja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimeshapewa jembe langu. Wamelichukua mkononi mwangu taratibu, wakanikalisha tena kwenye kiti cha mgeni, na hakuna aliyesema neno baya. Ningetukanwa ningejua pa kuanzia kuomba radhi.

Na radhi nilijaribu kuomba. Nilimfuata Dada Kazuko nikamwambia siku ile nilikosea. Akapunga mkono mbele ya uso wake, akasema hapana hapana, sisi ndio tuliokusumbua. Nikarudi kwenye zamu nikiwa na hali mbaya kuliko nilivyokwenda.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Kwetu tuna arobaini, wao wana arobaini na tisa. Siku hiyo wanamleta mtawa wao anasoma, ndugu wanakula pamoja, msiba unafungwa. Wiki hii Bwana Kitamura alinikuta kwenye korido nimebeba beseni la maji. Akasimama, akainama.

"Jumapili tunamfanyia mama kisomo chake," akasema. "Ni shughuli ndogo ya nyumbani. Najua una mambo mengi, kwa hiyo tafadhali usijisumbue hata kidogo."

Akainama tena, akaenda. Mimi nikabaki pale mpaka maji yakapoa.

Mama, huo ni mwaliko au ni katazo? Kama hataki niende, kwa nini aniambie kuna kisomo? Kama anataka niende, kwa nini aniambie nisijisumbue? Nimeligeuza neno hilo kama chapati. Siti anasema nisiende kabisa, wanaanza hivyo wanapotaka ujue bila wao kukukataza, na mtu akifanya kosa moja mara mbili huku hasamehewi. Hamisi nilimpigia, nikamwomba asikuambie. Yeye akasema, "Sista, toa wenge. Arobaini ni arobaini. Nenda, kaa, kula, sepa." Nikamwambia tatizo langu ni hapo kwenye kusepa. Akasema basi nisepe kabla ya chai ya pili. Rahisi kwake kusema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe sikukuuliza, na unajua kwa nini. Jibu lako nilikuwa nalo.

Nikienda na kumbe nilikuwa nimekatazwa, nitakuwa nimejimaliza mwenyewe, na Salma nimemmaliza pamoja nami. Nisipokwenda na kumbe niliitwa, basi mimi niliyemlilia yule bibi hadharani nimemkimbia siku ya kumfunga. Nimeswali, sijaoneshwa kitu. Kesho ndiyo Jumapili. Naiacha barua hapa, maana mwandiko umeanza kuharibika na sitaki ujue kwa mwandiko.

Mama, naendelea. Leo ni Jumatatu, nimetoka zamu, nimekula, nimekaa.

Nilikwenda. Nilikwenda kwa ajili ya Bibi Fumi na si kwa ajili ya mkataba. Ndivyo nilivyojiambia ndani ya basi, na nusu yake ilikuwa kweli.

Safari hii nilijifanya wao. Nilivaa gauni jeusi na mtandio mweusi, kanga nikaiacha, sufuria nikaliacha, nikachukua mfuko wa chenza basi. Viatu nikavigeuza vidole nje. Nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, magoti yamekunjwa mpaka miguu ikafa ganzi, mtawa akasoma kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Wenzangu walikwenda mmoja mmoja kuchoma ubani mbele ya picha. Usihofu, mimi nilipofika niliinama tu, nikamwombea kimoyomoyo kwa maneno uliyonifundisha. Bibi Fumi amecheka kwenye picha ile. Kilio kilinipanda mpaka kooni, nikakimeza, kikashuka kama mwiba wa samaki. Chai ilipokuja nikanywa nusu. Majirani walipoinuka nami nikainuka. Niliinama kwa Bwana Kitamura, akainama, nikaona hata jicho lake halikunitafuta. Nikasema ndani yangu, haya, angalau safari hii umeondoka mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, Dada Kazuko akatokea jikoni. Amevaa aproni, kisu mkononi, na hakuwa anatabasamu. Tangu nimjue sijawahi kumwona bila lile tabasamu.

"Unakwenda wapi?" akasema. Alisema kwa maneno yale mafupi wanayosemeshana wao kwa wao. "Watu wanakula saa sita na figili hazijakatwa."

Nikamwambia sikutaka kuwasumbua.

"Siku ile ulitusumbua sana," akasema. "Vua kiatu."

Nikavua. Nikamfuata jikoni, nikapewa ubao na kisu. Zile figili zao, Mama, ni nyeupe na ndefu, moja inatosha mchuzi wa nyumba nzima. Tukawa tunakata, shangazi zake wawili wanaosha majani kwenye sinki. Kisha akaanza kusema akiwa anatazama ubao wake, si mimi. Akasema siku ile hawakujua wanifanyie nini, maana kwao mtu asiyeondoka hawana desturi yake. Akasema alikuwa anataka nitoke ili yeye aweze kukaa chini, kwa sababu mgeni akiwepo mwenye nyumba hawezi kukaa. Kaka yake aliporudi kutoka kunipeleka waliingia jikoni kuzima taa, wakakuta sufuria. Walikuwa hawajala tangu asubuhi. Wakala wali wangu wamesimama, kwa kijiko kimoja, wakaumaliza.

"Ndipo nikalia," akasema. "Kwa sauti, kama wewe. Kaka alinishangaa."

Nikaendelea kukata. Baada ya siku hiyo, akasema, waliona aibu kunitazama, mtu aliyeona nyumba yao ikiwa hivyo. Nikamuuliza kama ndiyo sababu ya heshima yote ile. Akanitazama kama niliyeuliza jambo ambalo hata mtoto analijua.

Kisha macho yake yakashuka kwenye ubao wangu.

"Hivi vipande vinene vya nani?" akasema. "Mama alikuwa anataka vyembamba."

Nikakata vyembamba. Akasema bado. Nikakata vyembamba zaidi, akasema sasa nimeviua. Alinisema, Mama, mbele ya shangazi zake, kwa sauti kavu, kama unavyonisema wewe nikimwaga tui la kwanza. Hakuna tafadhali wala samahani. Mimi machozi yananitoka, natabasamu kama mwehu, na yeye akaniambia nisogee pembeni nisije nikatia chumvi kwenye chakula cha watu. Nilikaa pale mpaka vyombo vya mwisho vilipokauka. Chai ya pili sikuletewa. Niliimimina mwenyewe, na nikawamiminia wao.

Wakati nafungua aproni akasema, akiwa amenipa mgongo anapanga sahani kabatini: "Kisomo cha mwaka, uje asubuhi. Usije saa za wageni. Sitakata peke yangu."

Nikaitika ndiyo. Sikuuliza kitu. Nilikwenda kituoni nikihesabu vidoleni kama mtoto wa chekechea. Mwaka wa Bibi Fumi unatimia mwezi wa kumi na moja. Mkataba wangu unaisha wa tatu. Na aliyesema maneno yale ndiye anayeandika mikataba.

Leo kazini sijaitwa ofisini. Karatasi sijaiona. Siti nilipomsimulia akasema inawezekana, na inawezekana pia mwanamke amefiwa akasema la moyoni bila kufikiria mikataba. Ana haki ya kusema hivyo. Mimi nimelisikia jibu, Mama, lakini hewa hii nimeanza kuisoma juzi, na mtu mwenye shida husoma anachokitaka. Kwa hiyo hofu bado ninayo. Imehama tu mahali, ilikuwa tumboni, sasa iko mkononi, naweza kushika kazi huku nimeishika. Niombee.

Nisalimie Hamisi, mwambie sikusepa. Nisalimie Shangazi Mwanaidi anayekushikia meza siku za kliniki, na Mama Kimaro, mwambie nilimkumbuka Krismasi na pilau lake. Nisalimie na wanawake wenzako wa mwiko. Wasijue habari ya jiko la watu, wacha waendelee kuniona nina akili.

Salma akikuuliza kama anakuja huku, usimwambie ndiyo, na usimwambie hapana. Ukipata nafasi tu, pita kwenye mitumba ya watoto, umtafutie koti zito la baridi. Usichukue la kumtosha sasa. Chukua la mtoto wa miaka tisa.

Mwanao akupendaye,

Rehema